Amani au Magamba? Soma hapa kabla hujaenda kutafuta mimea ya Usambara

Kila likizo ya mwezi wa sita ikikaribia meseji ni zile zile, "kaka nataka kupeleka watoto wa klabu ya mazingira wakaone miti ya asili, twende Amani au tupande Lushoto?", na mwingine hana klabu wala nini, anataka tu kuitoa familia Tanga mjini wapate ubaridi kidogo ila hataki safari ya kukaa gesti kuangalia tivii. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo naandika hapa yote halafu kila mtu achague kwa mfuko wake na miguu yake.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Watu wanasema "Usambara" kama vile ni mlima mmoja, ila ni milima ya pande mbili na katikati yake limepita bonde la Lwengera. Upande wa mashariki ndio huu wa Muheza, ndio wenye Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, uko karibu na bahari kwa hiyo mawingu yanayotoka baharini yanagonga pale kwanza na kumwaga maji, lakini hauendi juu sana, mtaa wa Amani wenyewe uko kama mita 900 na kitu. Upande wa magharibi ndio Lushoto, huko kunapanda mpaka zaidi ya mita 2,000 na ndiko iliko Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba. Zote mbili zinasimamiwa na TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, zote zimo kwenye ule mnyororo wa milima inayoanzia Taita kule Kenya ikashuka mpaka Udzungwa, Tao la Mashariki, ambako kuna aina zaidi ya 500 za mimea ambayo huikuti popote pengine duniani. Ila msitu wa Amani na msitu wa Magamba ukivitembea unaona kabisa ni vitu viwili, miti mingine, harufu nyingine, hata udongo unavyokanyagika ni tofauti.

Sasa tatizo ninaloliona mimi wala si kuchagua kati ya Amani na Magamba. Tatizo ni kwamba mtu anafika Amani au anafika Lushoto, anapiga picha mia mbili, anarudi nyumbani na hajaona hata mmea mmoja wa Usambara.

Msishangae, nitaeleza.

Amani na mtego wa bustani

Ukisema Amani kila mtu anakwambia "ah, bustani ya Mjerumani". Ni kweli, ipo, ilianzishwa mwaka 1902, na kwa wakati ule ilikuwa jambo kubwa. Lakini Mjerumani hakuja pale kulinda mimea ya Usambara jamani, alikuja kutafuta zao la biashara. Akaleta kwinini, akaleta mpira, akaleta kahawa za kila namna, mikafuri ya China, mianzi, miti ya Asia na Amerika Kusini, mamia ya aina, akapanda aone ipi itashika. Kwa hiyo ukizunguka bustani ile na mwongozaji anakusomea majina, sehemu kubwa ya unachokiona ni wageni. Wageni wa miaka zaidi ya 100 wenye mashina makubwa ya kutisha, wanapendeza kweli, na kwa historia ya kilimo ni hazina, ila kama umekuja kuona mimea ya mlima huu iliyo hatarini umeingia mlango ambao siyo.

Tena baadhi ya wageni hawakukaa bustanini. Mhesi ndio mfano unaouma. Huu ni mti wa Afrika lakini si wa Usambara Mashariki, uliletwa na ukapandwa, unakua haraka ajabu, halafu ilipokuja miaka ile ya uvunaji mkubwa wa mbao kwa mashine, msitu ukafunguka jua likaingia, mhesi ukapata nafasi. Matunda yake hondohondo wanayapenda sana, wanakula huku wanaenda kudondosha mbegu kilomita kadhaa huko ndani, wala huhitaji mtu apande. Leo ukitembea njia ya Kwamkoro muombe mwongozaji akuonyeshe mhesi, ukishaujua mmoja utaanza kuuona kila pengo, shina limenyooka na matawi yako juu kabisa, na chini yake miche ya mti wa asili ni ya kuhesabu. Kuna na kile kichaka cha majani yenye manyoya manyoya na mistari iliyodidimia, wataalamu wanakiita Clidemia, nacho kimejaa pembeni ya njia na watoto wanakula vitunda vyake vya bluu bila kujua ni mvamizi.

Haya, sasa ukitoka bustanini ukaingia msituni wenyewe, hapo ndio Amani inakuwa haina mpinzani.

Kuna msambu. Jina la kitaalamu Allanblackia stuhlmannii, ni wa milima hii ya Tao la Mashariki tu. Tunda lake linaning'inia kama gunia dogo la kahawia, likikudondokea kichwani utapata hadithi ya kusimulia, na ndani lina mbegu nyingi zenye mafuta ambayo yakikaa yanaganda yenyewe bila friji. Wazee wa vijiji vya kule wameyapikia toka zamani, na miaka ya 2000 wakaanza kuokota mbegu na kuziuza kwa ajili ya viwanda vya nje. Kitu ambacho wengi hawajui, msambu una dume na jike, mti wa dume hautoi tunda hata ukae miaka mingapi, na mbegu yake ni mvivu kuota, inaweza ikakaa ardhini miezi na miezi. Kwa hiyo mtu akikwambia "tumekata mmoja tutapanda mwingine" mwambie haya mawili kwanza, kwamba huo mwingine utasubiri mno kuota na ukiota hujui ni dume au jike mpaka ukue.

Kuna Cephalosphaera, ndugu wa kungumanga, mti mrefu unafika mita 50, ukisimama chini yake unaishia kuona shina tu na kijani huko juu.

Na kuna kale kaua. Hapa naomba nikae kidogo maana ndio kaua kamoja kalikotoka Tanga kakaingia madirishani Ulaya na Marekani, wao wanakaita African violet. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani, baron Walter von Saint Paul-Illaire, alituma kwao mmea aliouona huku kwetu, mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaupa jina Saintpaulia ionantha kwa heshima ya huyo baron. Siku hizi wataalamu wameuhamishia kwenye kundi la Streptocarpus baada ya kuchunguza vinasaba, lakini watu bado wanasema Saintpaulia. Wanaouza huko nje wanauza mamilioni, rangi za kila aina, wengine wamechanganywa mpaka wana maua yaliyojikunja kama kabichi. Wa kwetu wa porini ni mdogo, mnyenyekevu, majani yamelala kwenye jiwe, ya duara, yana manyoya mafupi ukipitisha kidole unahisi kama kitambaa cha mahameli, ua lina petali tano za zambarau na katikati vidoti viwili vya njano. Anaishi kwenye miamba yenye ukungu wa kijani, kivulini, karibu na maji. Na kivuli ndio uhai wake wote. Huhitaji kumng'oa ili umuue, kata tu mti mkubwa uliomkinga, jua likipiga lile jiwe wiki chache basi, habari yake imekwisha. Ndio maana mimi nikisikia mtu anasema "tumekata miti michache tu" huwa nauliza michache ya wapi, maana kuna koo za mmea huu zinaishi kwenye miamba ya kuhesabu, ukigusa mwamba mmoja umegusa sehemu kubwa ya ukoo.

Na tafadhali usiung'oe. Kwanza ni kosa kisheria, kuchukua mmea ndani ya hifadhi bila kibali ni kesi, Sheria ya Misitu ya 2002 iko wazi. Pili hakuna sababu, huu mmea unazalishwa kwa jani moja tu, unachomeka kikonyo cha jani kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini, unatoa vitoto. Kwa hiyo kama unautaka kwako nunua kwa watu wa miche, uweke dirishani pasipo na jua kali, mwagilia kwenye udongo usimwagie majani maji ya baridi maana yanatoka mabaka. Tanga mjini joto litakusumbua ila kivulini barazani unaweza ukajaribu.

Kingine cha Amani ni ile kupanda yenyewe. Geti la Zigi liko chini, kama mita 450 hivi, kuna jengo la zamani la kituo cha reli ya Mjerumani ambalo wamelifanya kituo cha taarifa. Kutoka pale mpaka juu ni kama kilomita 10, na njiani msitu unabadilika mbele ya macho yako, chini ni miti ya nyanda za chini na joto la Muheza, ukipanda unaanza kuona mashina yamevaa ukungu wa kijani, mimea inayokaa juu ya mimea mingine, mimea ya majani mapana. Kwa watoto wa shule hili ni somo ambalo mwalimu hana haja ya kuongea sana. Na huo mto Zigi unaouvuka ndio huo huo unaojaza bwawa la Mabayani, maji ya bomba ya Tanga mjini, waambie watoto hilo uone wanavyonyamaza.

Magamba

Lushoto nayo ina mtego wake. Ukitoka Mombo ukapanda zile kona kilomita 33 mpaka Lushoto mjini, kote unaona kijani, unasema wow msitu. Siyo msitu. Ni mikaratusi, misindano, migrivea, miwati, na mashamba ya kabichi na viazi hadi kwenye mteremko wa kukwea kwa magoti. Watu wa kule ni wengi na ardhi ni ndogo, kwa hiyo msitu wa asili umebaki vipande vipande vilivyo kwenye hifadhi. Mtu anapiga picha chini ya misindano ya Shume anaandika "msitu wa asili wa Usambara", mti wenyewe umetoka Mexico.

Ukiingia Magamba yenyewe ndio unaona tofauti, tena mahali pazuri ni pale shamba la misindano linapopakana na msitu, simama mpakani uangalie chini. Upande mmoja sindano zimekauka chini na hakuna kitu, upande wa pili huwezi kupitisha mguu kwa wingi wa vitu vinavyoota.

Mti wa Magamba ni mkulo. Ocotea usambarensis, ukisoma jina tu unajua kwao ni wapi, ingawa unapatikana hadi Kilimanjaro na Kenya. Chukua jani lililodondoka uligeuze, chini ni jeupe jeupe, ukilisugua linanukia kafuri. Hii kafuri ya kwetu, siyo ule wa China uliopandwa bustani ya Amani. Mbao yake haiozi kirahisi wala wadudu hawaipendi, na hilo ndilo lililouponza, ulipigwa msumeno toka enzi za Mjerumani hadi juzi juzi. Sasa angalia hii, mkulo mbegu zake nyingi zinaharibiwa na wadudu kabla hazijaota, kwa hiyo unategemea sana machipukizi ya kwenye mizizi. Utakuta kisiki cha zamani kipana mtu anaweza kulala juu yake, na pembeni vijiti vitano sita vimetoka mizizini vinagombania mwanga. Mwongozaji mzuri atakuonyesha hivyo vijiti, mwongozaji mvivu atakupitisha moja kwa moja kwenye pango la Wajerumani na kwenye vyupoint ya Irente mkapige selfi. Muulize mapema, "tutaona mkulo unaochipua?" akibabaika tafuta mwingine.

Halafu kuna podo, kuna mtarakwa upande ule mkavu unaoangalia Mkomazi, na kuna Prunus africana, ule ambao magome yake yanatengenezewa dawa ya tezi dume na biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Ukiona mti umechunwa gome kuzunguka shina zima huo umeshakufa, ni suala la muda. Ukichunwa upande mmoja unaweza kupona.

Saintpaulia ipo pia upande huu, kuna ya Shume ambayo imezoea ukavu kuliko ndugu zake wa Amani, ila kwa mgeni wa siku moja sikushauri uitafute, utachosha watu bure.

Lushoto ina faida moja ambayo Amani haina siku hizi, kuna herbari ya TAFORI (taasisi ya utafiti wa misitu), yaani mkusanyiko wa mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ikaandikwa ilichumwa wapi, lini na nani. Kwa mwanafunzi wa chuo au mwalimu wa baiolojia hapo pana thamani kuliko matembezi ya siku nzima, ila andikeni barua kabla, msitokee tu na basi la watoto 60.

Sasa uende wapi

Usafiri Lushoto inashinda, hilo halina ubishi. Mabasi ya Tanga–Lushoto yapo ya moja kwa moja, lami mpaka mjini, gesti za kila bei, chakula kipo, ukirudi unabeba mapichi, plamsi na jibini. Amani ni mpaka Muheza kwanza, halafu kutoka pale gari za juu ni chache, barabara ya kupanda mvua ikinyesha inakuwa utelezi, kwa kundi bora mkodi gari lenye nguvu. Netiweki kule juu inakuja na kuondoka. Malipo ya hifadhi zote mbili ni kwa kontrol namba, usibebe keshi ukategemea kumpa mtu getini mkononi, na kama hawakupi kontrol namba uliza kwa nini.

Hali ya hewa, Amani mvua haina adabu inanyesha karibu mwaka mzima ila masika ya mwezi wa tatu hadi wa tano usithubutu na watoto. Magamba mwezi wa sita na wa saba ni baridi kweli kweli, mtu wa Tanga mjini atatetemeka, sweta na jaketi siyo hiari.

Kwa mimea adimu yenyewe, ile ambayo ikipotea pale imepotea dunia nzima, mimi nasema Amani, na sibabaiki. Joto la chini na ukungu wa juu vinakutana kwenye mlima mmoja, ndio maana aina ni nyingi kupita kiasi. Ila masharti: siku ya kwanza usiingie bustanini kabisa. Anzia Zigi, panda kwa mguu, nenda Kwamkoro au kilima cha Mbomole, bustani iwe ya mwisho, na ukifika huko ukaitazame kama unavyotazama ghala la Mjerumani, ukijua kilichotoka humo na kuingia msituni.

Kama unataka kuelewa uhifadhi unavyogombana na tumbo, Amani pia ina cha kuonyesha. Kuna ushoroba wa Derema, kipande kilichokuwa na mashamba ya iliki chini ya miti, iliki inapenda kivuli kwa hiyo mkulima anabakiza miti mikubwa ila anafyeka miche yote ya chini, ukiangalia kwa mbali unasema msitu upo kumbe hauna watoto. Wakulima walilipwa fidia wakatoka ili vipande vya msitu viungane, na malalamiko ya fidia yalikuwepo, ukiongea na wazee wa pale watakueleza upande wao, wasikilize. Na mwaka 2003 hadi 2004 watu walivamia Sakale kutafuta dhahabu, wakachimba hadi kwenye vyanzo vya maji. Hayo yote ni mambo ya kuongea na vijana wa sekondari, siyo majina ya Kilatini tu.

Magamba naichagua kwa mtu wa aina tatu. Mwenye wazazi au watoto wadogo wasioweza kupanda kilomita nyingi, maana gari linakufikisha karibu na msitu. Mwenye siku mbili tu na hana usafiri binafsi. Na mtu anayetaka kupanda miti kwake akiwa na shamba la milimani, huyu aende Lushoto moja kwa moja maana kuna kituo cha mbegu za miti na wataalamu wa TAFORI, aulize podo, mkulo na mti upi unafaa chanzo cha maji, aache kupanda mikaratusi kwenye kijito halafu analalamika kijito kimekauka.

Mkulima wa pwani usichukue mche wa mkulo ukaja kuupanda Pongwe, utakufa.

Kama una siku nne au tano na gari, anza Amani halafu zunguka Korogwe, Mombo, malizia Magamba, kwa mpangilio huo huo, chini kwenda juu na joto kwenda baridi, ukianzia Lushoto utafika Amani umechoka na utaona kila mti ni sawa.

Na wale wa kweli kweli, mnaosoma misitu au mnaopenda miti kupita kawaida, kuna ya tatu haitajwi sana, Mazumbai, upande wa Bumbuli. Ni kipande kidogo, hekta 300 na kitu, kilikuwa cha familia ya Kiswisi yenye shamba la chai, wakakikabidhi chuo kikuu mwaka 1968 na sasa kiko chini ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Hakikuguswa na misumeno kama vingine kwa hiyo ndipo unapoona msitu wa Usambara Magharibi ulivyokuwa kabla. Huko hamna mambo ya selfi wala chipsi, ni msitu wa mafunzo, unaomba ruhusa kwa chuo mapema, unabeba chakula chako na buti za mvua.